Mashine Tatu za Kufulia na Mtoto Niliyemtunga

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, aibu yangu kwa ufupi ni hii.

Mimi, Casimir Wojnar, mwalimu mstaafu wa useremala hapa Buffalo, niliinua mkono kwenye kikao cha tawi letu la chama cha walimu ili nipitishiwe sahani ya donati. Mwenyekiti wetu, Bi Thelma Gadson, akauhesabu mkono huo kuwa wa kujitolea. Na kwetu sisi wa chama, mkono ukishapanda na katibu akauandika, haushuki. Ndivyo nilivyopewa kazi ya kuandika maombi ya ruzuku kutoka makao makuu.

Maombi yenyewe yalikuwa ya haki. Tulitaka mashine za kufulia katika Shule ya Tillotson, kwa sababu walimu waligundua kuwa watoto wengi wasiofika darasani hawaumwi wala hawatoroki. Hawana nguo safi, basi.

Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichonichokoza: "Tueleze habari za mwanafunzi mmoja aliyepo shuleni kwenu."

Ningeweza kuwauliza walimu. Wangenipa ishirini wa kweli, na ruhusa za wazazi wao juu. Badala yake nilikaa mezani na chai yangu nikamtunga wa kwangu. Nikamwita Cornelius Pettibone, umri miaka kumi na mmoja, darasa la sita. Nikampa shati moja la kijani lenye mfuko uliong'oka upande, linalofuliwa Jumapili na kuanikwa juu ya jiko, na likikataa kukauka, Jumatatu haendi shule.

Siri hiyo aliijua mke wangu Dolores peke yake. Aliposoma alilia mpaka miwani ikaingia ukungu. Nilipomwambia hakuna mtoto wa jina hilo duniani, alinipiga kwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Ruzuku tukaipata. Barua ilimtaja Cornelius mara tatu. Ikamalizia kwamba mkaguzi atatutembelea Ijumaa, saa nne asubuhi. Akikuta mashine hazifanyi kazi, au akikuta neno moja tu la uongo, ruzuku inarudi ilikotoka na tawi letu haliombi tena kwa miaka mitano.

Basi tulipoishia palikuwa hapo. Sasa njooni Alhamisi.

*

Alhamisi asubuhi lori lilifika kwenye lango la mizigo la shule likiwa na mashine zetu tatu. Theluji ilikuwa inadondoka tangu alfajiri. Mimi na Thelma tulikuwa ndani, mlangoni, tumejipanga kama wazazi wa bibi harusi.

Dereva akashuka. Alikuwa amevaa tai.

"Tangu lini madereva wa lori wanavaa tai?" Thelma akauliza.

"Labda duka lenyewe ni la heshima," nikasema.

Nyuma ya lori yakasimama magari mawili madogo. Wakateremka watu tisa, wakatoa mabango, wakajipanga mstari mmoja kati ya lori na lango letu, wakaanza kutembea mduara polepole. Bango la kwanza lilisema: DUKA LA BRINDLE, WAFANYAKAZI TUKO KWENYE MGOMO.

Thelma akalisoma bango lile mpaka mwisho. Yeye ni mtoto wa mtu wa kiwanda cha chuma, mjukuu wa mpakuzi wa mizigo bandarini. Katika ukoo wao mtu anaweza kukosa kanisa, lakini havuki mstari wa mgomo.

"Kaz," akaniambia taratibu, "nani alichagua hili duka?"

"Kamati."

"Kamati ya akina nani?"

"Yangu."

"Na wengine?"

"Hawakufika kikaoni. Sikuwaita."

Mwenye tai, ambaye kumbe alikuwa meneja wa duka mwenyewe, alitukoromea kutoka ng'ambo ya mstari. "Nyie, fungueni hilo lango. Nina mizigo mingine."

"Hatuwezi," Thelma akamjibu.

"Limekwama?"

"Lango ni zima. Sisi ndio tumekwama."

Meneja akamgeukia mtunza jengo wetu, Bwana Sobczak. Sobczak akaonyesha beji ya chama chake kifuani, akakunja mikono. Akamgeukia mpishi wa shule aliyetoka kuvuta hewa. Mpishi akarudi ndani. Jengo zima halikuwa na mkono hata mmoja wa kuvusha mashine hatua kumi na mbili.

"Kwa hiyo nizirudishe?"

Zikirudi, mkaguzi kesho atakuta karakana yangu ya zamani ina mabomba mapya na hewa tupu.

"Subiri kidogo, bwana," nikasema. "Niache niongee nao. Mimi watu wananisikiliza."

"Ndilo tatizo letu," akasema Thelma.

*

Nilitoka kwa mlango wa mbele, ambako hakukuwa na mstari, nikazunguka jengo na boksi la donati mkononi. Kiongozi wa wagomaji alikuwa jitu la ndevu za mvi, koti lake limejaa theluji mabegani.

Akaniangalia, akaangalia donati, akaniangalia tena.

"Mwalimu Wojnar," akasema. "Hunikumbuki."

"Nakukumbuka sana."

"Jina langu nani?"

"Wewe si yule uliyekuwa unakaa nyuma kule?"

"Nilikuwa nakaa mbele. Naitwa Leland Faircloth. Ulinifelisha."

Wenzake wakapunguza mwendo wapate kusikia vizuri.

"Kwa kosa gani?"

"Kijumba cha ndege."

Hapo nikamkumbuka kweli, maana hadithi ya kijumba kile nimeisimulia kwenye kila sherehe ya kustaafu kwa miaka arobaini. Kijumba kizuri, paa limekaa sawa, misumari imezama vizuri, ila hakikuwa na tundu la kuingilia. Huwa ninamalizia kwa kusema yule kijana alitaka kuwafungia ndege nje kwa usalama wao. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu.

"Kile kisicho na mlango," nikasema.

"Mlango ulikuwa wa kukatwa Jumatatu. Jumatatu sikuja." Akachukua donati ya sukari. "Unataka nini, mwalimu?"

Nikamweleza. Mashine, watoto, mkaguzi, saa nne kesho.

"Mjukuu wangu yuko darasa la pili humu," akasema. "Sina ugomvi na hizi mashine. Lakini dereva wa lori hili ni Wendell yule pale, mwenye kofia nyekundu. Amesimamishwa kazi kwa kuomba glavu. Meneja amekaa kwenye kiti chake. Mashine alizozileta meneja hazivuki hapa."

"Hata kwa ajili ya watoto?"

"Mwalimu, ungekuwa wewe ungevuka?"

Nikafikiria kusema ndiyo. Nikamtazama Thelma dirishani.

"La."

"Basi kula donati."

Meneja alikuwa amechoka kutusubiri. Akafungua mlango wa nyuma wa lori, akashusha mashine moja baada ya nyingine kwa kitoroli, akazipanga pembeni mwa barabara kwenye theluji. Akanikabidhi karatasi nitie sahihi.

"Nimefikisha," akasema, akaondoka.

Zikabaki zimesimama pale, nyeupe juu ya weupe. Mbwa wa jirani akaja kuzinusa.

*

Saa tisa na nusu, watoto walipokwenda nyumbani, Thelma akaita kikao cha dharura. Akagonga meza kwa nyundo ya mbao niliyomchongea mwenyewe siku niliyostaafu.

"Mkaguzi ni kesho," akasema. "Mashine ziko nje ya mstari. Nani ana hoja?"

Watu walitazama viatu vyao. Mwalimu wa muziki akapendekeza tuazime mashine ya mama yake. Mwalimu wa hesabu akasema hiyo ni kumdanganya mkaguzi, na tawi hili halidanganyi.

Nilikohoa mpaka nikaletewa maji.

Kisha mdomo ukaniponza. Siku zote unaniponza, ila siku hiyo uliniponza kwa nia njema.

"Mwenyekiti," nikasema, "wale watu tisa wamesimama kwenye baridi nje ya shule yetu, nasi tumekaa ndani tunawatazama kama samaki kwenye chupa. Natoa hoja kwamba kesho, kabla ya kengele ya kwanza, walimu wote tusimame nao kwenye mstari."

"Naunga mkono," mtu akasema nyuma.

Kura zikapigwa. Mikono yote ikapanda.

Ni katibu, wakati anaandika, aliyesimamisha kalamu. "Samahani. Yaani tumepitisha, kwa kauli moja, kwamba kesho tutazuia mashine zetu wenyewe zisiingie?"



"Imeshaandikwa?" Thelma akauliza.

"Imeshaandikwa."

"Basi ndivyo."

Nikajikaza kisabuni, nikatabasamu kama mtu aliyekusudia.

*

Ijumaa saa moja na nusu tulikuwa arobaini kwenye mstari. Dolores alileta sufuria la pierogi za viazi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, na mkiona mgomaji aliyeshiba, mjue mke wangu kapita. Wendell wa kofia nyekundu alifundishwa na mwalimu wa muziki kuimba sauti ya pili.

Leland alikuwa anazitazama mashine. Zilikuwa zimevaa kofia za theluji.

"Mwalimu," akasema, "ile karakana yako dirisha lake si hili hapa?"

"Ndilo."

"Bado ina maji?"

"Ya moto na ya baridi."

"Na zile waya ndefu za kurefushia umeme?"

Nikaanza kumwelewa. "Leland, unataka kuvusha?"

"Mashine hazivuki. Nimesema na sirudii. Lakini hatujawahi kupitisha azimio kuhusu maji kutoka nje."

Akawakusanya wenzake wanane. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa. Kulikuwa na mmoja aliyetaka kujua kama umeme unahesabiwa kuwa mzigo. Kura nane kwa moja. Azimio: mashine zibaki zilipo, maji na umeme vitoke vyenyewe kwa hiari yao.

Sobczak, aliyekuwa kama jiwe jana yake, alitupa waya na mipira ya maji kupitia dirishani kwa furaha ya mtu aliyeachiwa kutoka jela. Saa tatu kasoro watoto walileta mafurushi ya nguo. Saa tatu kamili mashine ya kwanza ikatetemeka, ikanguruma, ikaanza kufua katikati ya theluji, mvuke wa maji moto ukipanda juu kama wa treni.

Sasa sikilizeni, na leo naungama kwa hiyo siongezi chumvi. Nguo zilipotoka hatukuwa na mahali pa kuanika. Tukazitundika kwenye uzio. Kwa dakika tano zikawa zimeganda. Suruali za darasa la tano zilisimama zenyewe bila mtu ndani. Sweta moja ilinyoosha mikono ikakataa kuishusha. Leland akaegemeza bango kwenye jozi moja ya suruali akaenda kunywa kahawa, na zile suruali zikashika zamu yake robo saa nzima, wala hakuna aliyelalamika.

Maji machafu yaliteremka barabarani yakawa barafu. Kengele ya mapumziko ilipolia walimu walirudi mstarini, na darasa la tatu wakawa wanateleza juu yake.

Saa nne kamili gari dogo la kijivu likaegeshwa. Akashuka mwanamke mwembamba mwenye jalada kubwa kwapani. Bi Maureen Stroud, mkaguzi wa ruzuku.

Akasimama. Akaona walimu, wagomaji, pierogi, mashine tatu zinazocheza juu ya theluji, na safu ya suruali zisizo na wenyewe.

"Hii ndiyo Tillotson?" akauliza.

Thelma akamweleza kila kitu bila kupaka rangi. Bi Stroud alisikiliza mpaka mwisho, akaandika mstari mmoja, akapiga kifuniko cha mashine ya kati kwa vidole.

"Zinafanya kazi," akasema. "Fomu haisemi lazima ziwe ndani."

Nikapumua. Nilipumua mapema mno.

"Limebaki jambo moja," akasema. "Ofisini kwetu kila mtu amesoma barua yenu. Kuna wenzangu wamebandika ule ukurasa ukutani. Ningependa kumwona Cornelius."

Thelma akaangaza uso. "Hata mimi sijawahi kukutana naye. Kaz, yuko darasa gani?"

"La sita."

"La sita la nani?"

"La... wale wa upande ule."

"Upande ule ni jikoni." Akamgeukia katibu. "Niletee rejista ya darasa la sita."

Rejista ikaja. Thelma akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Mara ya pili kidole kilienda polepole zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye herufi P.

"Labda nikumbushe," Bi Stroud akasema kwa upole, akafungua jalada, akasoma kwa sauti. "'Ana shati moja, la kijani, mfuko wake umeng'oka upande. Hufuliwa Jumapili na kuanikwa juu ya jiko. Asubuhi mama yake hulishika kola, na kama bado ni bichi hutikisa kichwa, naye mtoto hurudi kulala bila kuuliza.'"

Nyuma yangu kitu kikaanguka kwenye theluji. Lilikuwa bango la Leland.

"Nani alikwambia hayo?" akaniuliza.

"Hakuna. Nimeyatunga."

"Mfuko wa kushoto."

"Sikuandika upande gani."

"Nakwambia mimi. Wa kushoto." Akajishika kifua pale pale mfuko ungekuwa. "Nilikuwa nakaa mbele, mwalimu. Mwaka mzima ulikuwa unalitazama lile shati. Na wikiendi ya kijumba cha ndege mvua ilinyesha siku zote mbili."

Mkono wa Dolores ukaingia chini ya kwapa langu. Miaka arobaini nimekuwa nikichekesha watu kwa kijumba kisicho na mlango, na hata siku moja sikuuliza kwa nini fundi wake hakurudi kuutoboa. Nilidhani shati lile nimelibuni. Kumbe nililiweka mahali nikasahau ni la nani.

Bi Stroud alikuwa amevua miwani. Akaivaa tena.

"Kwa hiyo yupo," akasema.

"Yupo," akasema Leland. "Jina tu ndilo kalikosea."

"Na miaka. Fomu inasema mwanafunzi aliyepo shuleni. Wewe una miaka mingapi, bwana?"

"Hamsini na tatu."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Wendell kidogo.

Bi Stroud akageuza ukurasa wa mwisho. Nikaona visanduku viwili kuhusu zile habari za mwanafunzi, kimoja cha kweli na kimoja cha si kweli, na chini yake nafasi ya sahihi.

"Mimi siwezi kujaza hiki," akasema. "Nikijaza kweli, nadanganya. Nikijaza si kweli, bwana huyu amesimama mbele yangu. Bwana Wojnar, uliyeandika ni wewe." Akaninyooshea kalamu. "Sema mbele ya wenzako, kisha ujaze mwenyewe."

Thelma alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mashine ya tatu ikamaliza mzunguko wake ikanyamaza, na pale kwenye uzio suruali za watoto zikawa zimesimama kimya kama baraza.

Kusema kweli nilijua kipi ni sahihi. Nilijua pia kwamba nikikitia alama, mashine zinaondoka, na Jumatatu ijayo kuna mama mahali fulani kwenye mji huu atashika kola ya shati na kutikisa kichwa.

Sikuwahi kukosa maneno tangu nizaliwe. Nikainua mkono, nipate tu sekunde moja ya kupanga ulimi.

Kabla sijafungua mdomo, Leland naye akainua mkono wake.

"Naunga mkono," akasema.

Mkono wa Sobczak ukapanda. Wa Wendell. Wa mwalimu wa hesabu, yule aliyesema tawi hili halidanganyi. Mikono arobaini na kitu ikasimama kwenye theluji, na ile sweta iliyoganda nayo ikiwa miongoni.

Thelma akapapasa mfukoni, akatoa nyundo niliyomchongea, akagonga kifuniko cha mashine mara moja.

"Kuna hoja mezani na imeungwa mkono," akasema. "Katibu, andika."

"Hoja gani?" akauliza Bi Stroud.

Katibu akaweka kalamu tayari. Wote wakanigeukia.